Mia Tisa za Nani?

Lifti ya uwanja wa ndege ilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, asubuhi ambayo ukumbi wa chini ulikuwa umefurika abiria, masanduku na watoto wanaolia. Ndani ya lifti mlikuwa na mwanamke mmoja tu, na kwa bahati mbaya ya wengine wote, alikuwa mwanamke asiyejua kunyamaza.

"Nyie!" alipiga mlango kwa kiganja. "Kuna ndege inanisubiri! Mnasikia? Si mimi ninayeisubiri ndege. Ndege ndiyo inayonisubiri mimi!"

Wala hakuwa anajigamba. Kazi yake ilikuwa kupanga safari za ndege. Kabla rubani hajawasha injini, yeye ndiye anayekaa mbele ya kompyuta na kukokotoa umbali kutoka uwanja huu hadi ule, upepo unasukuma upande gani, mafuta yabebwe kiasi gani, na hali ya hewa ikigoma huko mbele, ndege ikatue wapi. Wenzake ofisini walimwita Dira, kwa sababu ukimwamsha usingizini akakutajia njia, njia hiyo ni sahihi. Alikuwa amevaa sare ya bluu iliyonyooshwa mpaka ikawa na ncha, nywele amezibana nyuma, na miguuni ana viatu vyekundu alivyovinunua siku moja aliyokasirishwa na mtu. Viatu vya hasira, ndivyo alivyoviita mwenyewe. Anavyo jozi nyingi.

Viatu hivyo ndivyo vilivyoonekana kwanza. Mlango wa ghorofa ya pili ulipanuliwa kwa nguvu, na kichwa cha mwanamume kikachomoza usawa wa vidole vyake vya miguu.

"Shikamoo viatu," kichwa kilisema.

"Unasemaje?"

"Ah, kumbe marahaba inatoka huko juu."

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye."

"Fundi gani anachelewa hivi?"

"Nimepanda kwa ngazi, dada yangu. Nasikia lifti ni mbovu."

Dira aliikanyaga sakafu ya lifti kwa kiatu chekundu. Mwanamume akanyoosha mikono. "Ruka, nakudaka."

"Nani kakwambia nataka kudakwa?"

Akaruka. Akadakwa. Na kilichomuudhi siku nzima si lifti, ni kwamba alitarajia harufu ya grisi akakuta harufu ya sabuni.

Kesho yake Fundi alikuja ofisini kwa Dira eti kukagua nyaya, ofisi ambayo iko chini kabisa na haina lifti. Hakuna aliyemuuliza. Juu ya meza ya Dira kulikuwa na tufe la dunia lililochakaa, kubwa kama tikiti maji, na Dira, ili amfukuze haraka, akamwonyesha kazi yake kwa uzi wa kushonea: shika uwanja huu kwa kidole, vuta uzi mpaka uwanja ule, ukaze. Uzi ukikazwa juu ya mviringo hujitafutia wenyewe njia fupi kuliko zote, na njia hiyo ndiyo inayofuatwa na ndege.

"Kumbe na nyinyi mnatumia kamba!" Fundi alishangilia. "Sasa mbona mkishaipata kamba mnairusha ndege bila kamba?"

Ndipo Dira alipogundua kwamba mtu huyu, anayening'inia ghorofa ya kumi na nne kutwa akila karanga, hajawahi kupanda ndege na hana nia. "Mimi nataka kitu kilichofungwa juu," alisema. "Ndege imefungwa wapi?"

Wiki iliyofuata alimletea uzi mwembamba wa chuma uliochomolewa kwenye waya wa lifti ya zamani. Nusu akaufunga kwenye tufe la Dira mahali pa ule uzi wa kushonea, nusu akaukunja kwenye funguo zake. Hapo mapenzi yakawa yameshaanza, na mchezo wao nao. Simu inalia, Dira anapokea.

"Rubani wangu wa mezani."

"Sema, mpanda kuta."

"Fumbo la leo: kutoka hapa hadi kisiwa kile cha watalii?"

"Mia tatu na kumi."

"Hukutazama?"

"Nitazame nini? Hizi njia nazijua kama chumba changu."

"Nakupenda kwa majivuno yako."

"Nami nakuvumilia kwa yako. Kata simu, nina ndege."

Zilikuwa namba tu, zinazopita hewani kama mabusu. Na nani hupima busu?

Sasa sikia. Alasiri moja ya mvua, Dira ana ndege tatu zinazozunguka juu zikisubiri kutua na marubani watatu wanaomfokea redioni, simu ikalia.

"Rubani wangu wa mezani. Fumbo: kutoka hapa hadi uwanja wa ule mji wa migodi, kaskazini?"

"Mia tisa. Niache nifanye kazi."

"Mia tisa tu?"

"Mia tisa, mpenzi! Kwaheri!"

Hayo ndiyo maneno yaliyokaribia kuwaua.

Jumapili iliyofuata, Fundi alibisha hodi nyumbani kwa dada yake Dira, ambako Dira alikuwa akiishi. Alikuwa amevaa shati la manjano, limepigwa pasi mpaka mikono imesimama kama mabawa, na amejipulizia manukato ya kutosha watu wanne. Dada mtu alimkaribisha kwa heshima, "Karibu shemeji, karibu ukae kile kiti kikubwa," akaenda kutoa vikombe vya wageni, na njiani alikuwa anatabasamu peke yake. Dira aliliona tabasamu, hakulielewa.

"Nimepata kazi," Fundi alianza. "Hospitali mpya, ghorofa tisa, lifti sita. Zimefika ziko kwenye makasha, hakuna wa kuzifunga. Wagonjwa wanapandishwa ngazi mgongoni kwa watu. Nimekubali. Miaka miwili."

"Hongera," Dira alisema. "Wapi?"

"Mji wa migodi."

Dira akaweka kikombe chini. "Na mimi?"

"Wewe usiwe na wasiwasi. Kila wiki nitakuja. Natoka Ijumaa mchana, Jumamosi asubuhi tunakunywa chai hapa hapa, Jumapili narudi."

"Kila wiki."

"Kila wiki, mpenzi."

"Kwa ndege?"

"Ndege? Hunijui? Kwa basi."

Dira alicheka, kicheko ambacho dada yake alikifahamu tangu utotoni, naye dada akavishika vikombe vya wageni kwa mikono miwili.

"Fundi. Unajua umbali wa kwenda huko?"

"Najua. Mia tisa."

"Anajua! Dada, umesikia? Anajua kabisa kuwa ni mia tisa, amekaa kwenye kiti cha shemeji, ananiambia machoni kwamba atakuja kila wiki kwa basi!"

"Sasa mia tisa ni kitu gani kwa mtu anayependa?"

"Usinifanye mjinga!"

"Dira, mia tisa tu zimekushinda?"

"Tu? Umesema tu? Dada, amesema tu!"

"Nimesema tu, ndiyo! Kuna watu wanasafiri zaidi ya hapo kufuata mbuzi!"

"Basi kaoe mbuzi!"

Mtu wa nje angeshangaa. Namba moja, wote wawili wanaikubali, na bado wanakaribia kurushiana vikombe. Lakini Dira alikuwa na kidonda chake. Kabla ya Fundi alikuwapo mwanamume mwingine, aliyetoka jioni moja kununua vocha. Alirudi baada ya mwaka, mke anaye, vocha hana. Tangu siku ile Dira alijiapiza kuwa mwongo akija tena na ahadi yenye mwendo usiowezekana, hatasubiri imwangukie. Na mbele yake sasa alimwona mtu anayeogopa ndege akiahidi kuvuka nusu ya bara kwa basi kila Ijumaa, na anatabasamu.

"Ukitaka kukimbia, kimbia," alimwambia. Sauti ilikuwa imeshuka, na hiyo ndiyo hatari zaidi. "Lakini uwe na adabu ya kusema nakimbia. Usiniache nakaa dirishani kila Jumamosi kama sanamu."

Fundi alisimama. Mabawa ya shati lake yalikuwa yamelegea. "Kumbe mimi ndiye mwongo," alisema. "Sawa. Nilidhani mwanamke anayezunguka dunia nzima kwa kidole hawezi kuogopa safari ya usiku mmoja. Shemeji, asante kwa chai."

"Hata hujainywa," dada mtu alisema kwa huzuni. Mlango ukafungwa, na hata kabla hatua zake hazijaisha kwenye korido, Dira alikuwa ameshaifungia namba ya Fundi isiweze kumpigia.

"Mdogo wangu, mbona hukumngoja amalize? Alikuja na jambo."

"Jambo lake nimelisikia."

Fundi aliondoka na basi la alfajiri ya Jumatano. Dira hakwenda kumuaga. Alikwenda kazini kwa viatu vyekundu, akamkaripia rubani aliyesahau sahihi, akamkaripia mfagiaji aliyeligusa tufe, kisha akamwomba mfagiaji msamaha, kisha akajikaripia kwa kuomba.

Siku ya pili yake, alasiri, alikuwa jikoni akisugua sufuria ambayo haikuwa na kosa lolote, dada yake akaingia na simu mkononi.

"Shemeji yangu yuko hapa. Nimeweka sauti ya juu kwa sababu mikono yako ina povu."

"Mikono yangu inaweza ku..."

"Wewe mwanamke ni mwongo!" simu ilinguruma.

Dira aliruka kama aliyemwagiwa maji. "Mimi? Mimi ndiye mwongo?"

"Mia tisa zako zimeisha tangu jana usiku! Nimevisoma vibao vya barabarani kimoja kimoja! Zilipotimia nikamwambia jirani yangu wa siti, mama, tumefika, nikashusha begi langu, nikafunga vifungo vya shati. Dereva amecheka mpaka amesimamisha basi! Tumelala njiani, tumeamka, tumetembea kutwa, gurudumu limepasuka, na hapa niliposimama kibao kinaniambia bado mia nane na sabini!"

"Mia nane na sabini za nini?"

"Za nini? Za nini tena? Kilomita! Kwani barabara hupimwa kwa vijiko?"

Sufuria iliteleza ikarudi majini yenyewe.

"Fundi," Dira alisema polepole. "Mimi nilikuambia mia tisa kilomita?"

"Uliniambia mia tisa!"

"Mia tisa maili. Maili za baharini. Sisi wa ndege ndizo tunazohesabia."

"Bahari imetoka wapi? Mimi niko kwenye vumbi!"

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, tulivu, yenye mamlaka ya mtu aliyekalia siti ya dirishani. "Hujambo mwanangu. Samahani, mimi ndiye jirani yake. Sisi humu tunaomba kuelezwa, maana tangu jana ni mia tisa, mia tisa, mpaka watoto wanaiimba. Hiyo maili yenu ni kubwa kuliko kilomita?"

"Shikamoo mama. Ni karibu mara mbili yake."

"Marahaba. Ehee! Jamani, ni karibu mara mbili!" Mngurumo wa abiria ulisikika. "Endelea."

"Tena huo ni umbali wa ndege, mama. Ndege inakatiza juu ya ziwa. Basi linalizunguka ziwa lote."

"Dereva anatikisa kichwa, anasema ni kweli. Sasa mwanangu, mbona hukumwambia kijana wa watu?"

"Hakuuliza! Aliniuliza kama fumbo! Nina ndege tatu hewani, yeye ananiletea michezo!"

Fundi akanyang'anya simu yake. "Nilitaka kukushtukiza kwa habari njema!"

"Umenishtukiza! Hongera! Jambo la maisha yetu unaniuliza kama mtu anayeuliza saa?"

"Na wewe unajibu kama mtu anayetaja saa! Ungesema tu maili! Neno moja!"

"Ungesema tu kwa nini! Neno moja!"

"Hayo ni mawili," abiria mmoja alisema nyuma huko.

"Nyamaza wewe!" walimfokea wote wawili kwa pamoja, Dira kutoka jikoni na Fundi kutoka barabarani, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kuwa upande mmoja.

"Halafu nikwambie," Fundi aliendelea, sauti imepasuka. "Jumapili ile sikuja kuaga. Nilikuwa nimeshazungumza na dada yako anipeleke kwa baba yenu. Nilipanga niseme kazi kwanza, halafu niseme hilo. Ukanipeleka kwa mbuzi."

Ndani ya basi kina mama waliguna kwa pamoja, mguno mrefu wa kulaumu, na ni wazi haukuwa ukimlaumu Fundi.

Dira alimgeukia dada yake. Dada yake alikuwa anachunguza dari.

"Ulijua?"

"Nilikuwa nangoja upumue, niseme. Hukupumua."

Hapo Dira alikasirika upya. Hasira yake ya zamani ilikuwa imenyang'anywa kiti, na haikujua pa kwenda kukaa. Mwongo hakuwepo. Mtoro hakuwepo. Alikuwepo mtu mmoja tu aliyetoa namba bila kutaja kipimo, na mtu huyo alikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Kila asubuhi aliwakemea vijana wapya ofisini kwa kosa hilo hilo. Namba bila kipimo, aliwaambia, ni kelele.

"Siwezi kurudi," Fundi alisema. "Wale wagonjwa wanabebwa mgongoni, nimeshatoa neno langu. Na kila wiki siwezi. Kwa basi hata kila mwezi siwezi. Kwa hiyo labda ulisema kweli. Labda tuishie..."

"Usithubutu kuimaliza hiyo!" Dira alipiga meza, povu likamrukia dada yake. "Umalize ile uliyokuja nayo Jumapili! Fika huko, funga lifti ya kwanza, wagonjwa wapande. Halafu upande ndege uje kuimalizia mbele yangu!"

"Ndege haina kamba, Dira."

"Najua haina! Na mimi sina moyo wa kungoja mtu wa basi. Mimi nitakuja kwako mwezi huu, wewe utakuja kwangu mwezi ujao, kwa njia ya juu, hiyo fupi. Au usije kabisa!"

Akaikata simu kwa kiwiko. Dada yake alijifuta povu shavuni.

"Hiyo ndiyo namna ya kumwomba mtu msamaha?"

"Sijamwomba msamaha."

"Nimeona. Na simu uliyoikata ni yangu."

Usiku huo Dira aliifungulia ile namba. Mwezi ule hakwenda, kwa sababu alikuwa bado na hasira, na hasira yake alikuwa anaitunza vizuri ili asijue kwamba ni hofu. Walizungumza kwa simu, kwa ukali, kuhusu bolti na makasha. Kisha asubuhi moja Fundi alipiga, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Lifti ya kwanza imepanda. Bibi mmoja ameshuka ghorofa ya tisa akaomba arudishwe chini apande tena. Mimi nakuja kesho."

"Kwa nini unaongea hivyo?"

"Nimeshika tiketi."

Safari ile Dira alimwomba mwenzake ampishe, akaipanga mwenyewe. Alikokotoa umbali mara tatu kana kwamba viwanja viwili vingeweza kuhama usiku. Aliusoma upepo wa kila tabaka. Rubani alipopata karatasi zake alimpigia simu.

"Dira, mbona umeniongezea mafuta ya kwenda mwezini?"

"Umebeba mzigo wangu."

"Mzigo gani?"

"Shati la manjano. Ukimtikisa, tutaonana."

Kesho yake alisimama kwenye ukumbi wa wanaowasili, katikati ya wapokeaji na masanduku, amevaa gauni la kijani alilolikopa kwa dada yake na viatu vyeusi vya kawaida. Alikuwa amevikosa vile vyekundu. Hapana, hakuvikosa, alivitazama akaviacha. Abiria walitoka wakicheka, wakivuta watoto. Wa mwisho kabisa alitoka mtu amelowa jasho, anatembea kama anayekanyaga kitanda, ngumi ya kulia ameikaza mpaka imekuwa nyeupe.

Alisimama mbele yake. Akaifungua ngumi. Uzi wa chuma ulikuwa umechora mstari mwekundu kiganjani.

"Nimeishika kamba njia nzima," alisema. "Na bado nimekukasirikia."

"Subiri zamu yako. Mimi nilianza zamani."

"Kule juu waliniletea soda. Nani ananywa soda akiwa hajafungwa popote?"

"Ulikuwa umefungwa. Ulikuwa na mkanda."

"Mkanda umefungwa kwenye kiti, kiti kimefungwa kwenye ndege, ndege imefungwa wapi?"

Dira alitaka kumjibu kwa ukali, jibu likakwama mahali fulani kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Akaushika mkono uliochorwa mstari, akaushika kwa hasira, kama mtu anayekamata mwizi.

"Imefungwa kwangu," alisema. "Mezani kwangu. Mjinga wewe. Kutwa nzima sijala. Na maili ile ni kosa langu, nisikie nikisema mara moja tu, sirudii."

Fundi aliinamisha kichwa. Alipokiinua, zile sauti za mzaha zilikuwa zimemtoka.

"Nina swali. Na leo nakuambia kwa nini nauliza. Nauliza kwa sababu nataka kukuoa. Kutoka hapa hadi kwa baba yako ni umbali gani?"

Namba ilikuwa imeshafika kwenye ulimi wa Dira, kama kawaida yake. Akaufunga mdomo.

"Kwa kipimo gani?" aliuliza.

"Cha miguu. Miguu yangu leo haitaki tena kubebwa na kitu chochote."

"Nne," Dira alisema, akalibeba begi lake. Walipofika mlangoni akasimama ghafla, akamgeukia na kumnyooshea kidole kifuani.

"Kilomita. Umesikia? Kilomita."

Wakashika barabara kwa miguu, wakigombana.